Barua kwa mdogo wangu anayetaka kubaki na saa shingoni

Mdogo wangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa kwenye matatu mpaka nikapitiliza stejini kwangu. Umemaliza digrii, skolashipu ya kuogelea imeisha, na badala ya kutafuta kazi ya uhasibu uliousomea unataka kubaki hukohuko Marekani uwe msaidizi wa kocha wa masafa marefu chuoni. Mama analia, baba mdogo anasema miaka minne imekwenda na maji, alafu wewe umenikalia kimya wiki mbili ukidhani na mimi nitakuja na fimbo. Siji nayo. Nakuandikia hadharani hivi manake najua kuna nyumba nyingine Mombasa na Dar wanaulizana swali hilihili, kusimama kando ya bwawa na saa shingoni ni kazi gani.

Mimi nilikuwa sijui. Nimejua kwa zile vidio ulizokuwa unanitumia, saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenu, wenzako wa mbio fupi bado wako kwa blanketi na nyinyi wa masafa mshafika kilomita ya pili. Mbio ndefu ya vyuo huko ni yadi 1650, yaani urefu wa bwawa mara 66, mpaka inabidi mwenzako achuchumae mwisho wa njia azamishe kibao chenye namba majini usipoteze hesabu. Mtu wa nje ataona ni kwenda na kurudi tu. Wewe ndio ulinieleza kwamba kocha anayejua kazi anasikia uchovu wa mtu kabla hata ya kutazama saa, mkono unaanza kupiga maji kwa sauti nyingine, miguu inashuka, pumzi inawahi, na hapo ndio anaamua leo tunaongeza ama leo huyu atoke akalale. Jon Urbanchek, yule mzaliwa wa Hungary aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 1982, aligawa kasi za mazoezi kwa rangi, nyeupe, waridi, nyekundu, bluu, zambarau, ili kila muogeleaji awe na kasi yake mwenyewe kwenye seti moja, na uliponitajia hiyo niliona macho yako, nikajua uhasibu haupo tena.

Sasa nikuambie jambo ambalo hao wanaokupongeza hawatakuambia. Utakuwa msaidizi muda mrefu, na si mwaka mmoja wala mitatu.

Mwangalie Anthony Nesty. Amekulia Suriname, nchi ndogo ambayo hapa mtaani wengi hawajui iko bara gani, na 1988 kule Seoul akamshinda Matt Biondi wa Marekani kwenye mita 100 butaflai, ule mtindo wa kipepeo, kwa sekunde 0.01, yaani 53.00 kwa 53.01. Mwanamume mweusi wa kwanza kuchukua dhahabu ya Olimpiki kwenye kuogelea katika mbio za mtu mmoja mmoja. Ungedhani mtu wa namna hiyo akiingia ukocha atapewa timu siku hiyohiyo, lakini alirudi University of Florida alikosoma akawa msaidizi karibu miaka 20, anapanga seti, anashika saa, anakaa nyuma, mpaka 2018 ndio wakamkabidhi timu ya wanaume, baadaye na ya wanawake. Paris 2024 alikuwa kocha mkuu wa wanaume wa Marekani, mweusi wa kwanza kuongoza timu yao ya Olimpiki ya kuogelea. Unakumbuka 2008 tulivyoamka alfajiri kumuona Jason Dunford wetu kwenye fainali ya hiyohiyo butaflai pale Beijing? Ulikuwa na miaka 6, ukalia alipomaliza wa 5. Alikuwa mwanafunzi wa Stanford wakati ule. Mimi nakuona wewe kwenye hiyo njia lakini upande wa pili wa kamba, upande wa aliyevaa viatu.

Na tazama Nesty alichokifanya na watu wa masafa. Bobby Finke, muogeleaji wake, kwenye mita 1500 Tokyo alikuwa nyuma ya wanaogombea mpaka mita 50 za mwisho, akazipiga kwa sekunde 25.78 akachukua dhahabu. Miaka mitatu baadaye Paris akaweka rekodi ya dunia, 14:30.67. Zile mita 50 za mwisho hazikupatikana siku ile, zilikuwa asubuhi mia ngapi sijui za mtu kukazana akiwa amechoka na kocha hamwachii, na ndio maana nakwambia subira yako itakuwa sehemu ya mshahara, kwa sababu ule mshahara wenyewe mwanzoni utakuwa mdogo.

Manake pesa pia tuiseme. Zamani vyuo vikubwa vya huko vilikuwa na makocha wa kujitolea kabisa, NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo huko, ikaifuta hiyo nafasi 2023, kwa hiyo angalau uliza unalipwa nini kabla hujasema ndio, usione haya, we ni mhasibu. Uliza pia habari ya karatasi, kile kibali cha kufanya kazi mwaka mmoja baada ya masomo kinaisha haraka kuliko unavyodhani. Na ujue timu inaweza kufutwa hata kama umefanya kazi vizuri, Michigan State walitangaza 2020 kwamba wanaondoa kuogelea, chuo kikubwa kile, ikawa basi. Cheti chako cha uhasibu kiweke mahali pakavu.

Lakini lililonifanya nikae mpaka usiku nikiandika ni lile neno la mwisho la meseji yako, kwamba kocha mkuu anataka ushike watu wa maji ya wazi, kilomita 10 za baharini na ziwani. Hapo ndipo mama alipoanza kulia, na baba mdogo akadhani analilia pesa.

Mama analilia siku ile, na wewe unaijua. Ulikuwa na miaka 14, yale mashindano ya baharini, kusi limeshaanza, maji yanatoka na bamvua, waandaaji wakawarusha majini watoto arobaini bila kuandika nani kaingia na nani katoka. Wenzako wakafika, wakapewa soda, wakaanza kupiga picha, na mama amesimama na taulo lako. Akauliza, akaambiwa atakuja. Ni babu aliyetazama maji akasema mkondo wa saa hii haumleti hapa, unampeleka kule chini kwenye mwamba, akachukua ngalawa ya jirani, akakukuta umeshikilia kamba ya dema, ule mtego wa samaki, huna sauti. Mama tangu siku hiyo hajakanyaga ufukwe ule.

Usidhani ni mambo ya pwani yetu tu kwa kukosa vifaa. Oktoba 2010, Fujairah, hapo Emirati, mashindano ya kimataifa ya kilomita 10, maji ya moto, Fran Crippen wa timu ya Marekani, aliyekuwa muogeleaji wa University of Virginia, umri miaka 26, hakufika. Wenzake ndio walioshtuka kwamba hayupo wakarudi majini kumtafuta. Alipatikana amefariki. Ndipo baadaye ikawekwa sheria kwamba maji yakizidi nyuzi 31 watu hawaogelei. Mtu hodari kuliko wote tunaowajua, na hakuna aliyemhesabu kwa wakati.

Kwa hiyo utakaposimama kwenye lile jukwaa linaloelea na fito lako la kupitishia kinywaji, najua utafikiria mbinu, nani anakaa nyuma ya miguu ya nani apunguziwe nguvu ya maji, nani anageuka vizuri kwenye boya. Yana maana sana, Haley Anderson wa Marekani alikosa dhahabu ya hizo kilomita 10 London 2012 kwa sekunde 0.4 baada ya karibu saa mbili majini. Lakini kabla ya hayo hesabu watu wako, tia mkono kwenye maji wewe mwenyewe usisubiri kuambiwa nyuzi ngapi, na mtoto akikosa kunyoosha mkono kuchukua kikombe mara mbili mtoe, hata bosi akikasirika. Babu alikufundisha kusoma maji kabla hujajua kusoma kitabu, maji kujaa, maji kupwa, bamvua, maji mafu, kusi na kaskazi, na huko utakuwa na wanafunzi waliokulia kwenye bwawa lenye mstari mweusi chini ambao hawajawahi kuvutwa na mkondo. Wafundishe.

Mama nitakaa naye Jumapili baada ya chakula. Sitamtajia Olimpiki wala medali, nitamwambia tu kwamba wewe ndio utakayekuwa na orodha mkononi. We mpigie Jumatatu jioni ya kwetu, na akikuuliza habari ya ile kamba ya dema usibadilishe mazungumzo kama unavyofanyaga, mwache aulize mpaka amalize.

Dada yako