Chupa hiyo usiitume

Kinngait, Nunavut, kaskazini mwa Kanada, Novemba

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanisumbua, na baridi usiulize. Nilipanga kukuandikia tangu msiba wa Baba Zuhura, lakini zamu zimenibana. Leo naandika mbio kwa sababu ya ujumbe wako wa jana: ati umenifichia chupa ya Konyagi ndani ya unga wa sembe, Krismasi isinikute koo kavu. Tafadhali, itoe. Itoe leo, kabla mzigo haujafika posta.

Najua unacheka. Hapa si Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut; wenzetu wa kule wana duka lao la bia na mvinyo tangu 2017. Nunavut nzima ina makazi 25, na hakuna barabara inayotoka kijiji kimoja kwenda kingine. Kila kitu huja kwa ndege, au kwa meli kiangazi, barafu ikiachia. Na suala la pombe kila kijiji kimelipigia kura chenyewe. Pangnirtung ni marufuku kabisa, Arviat vilevile. Sisi tuko katikati: tuna kamati. Wajumbe wake huchaguliwa na wanakijiji. Ukitaka kuagiza unajaza fomu, wanakaa, wanaamua upewe yote, upunguziwe, au ukose. Ndipo oda iende ghalani Iqaluit, na nauli ya ndege juu yako.

Sasa mjumbe mmoja nakutana naye dukani tukigombea vitunguu vilivyobaki. Anajua nimeomba makopo mangapi! Mwanzoni iliniuma, mtu mzima na ndevu zangu niombe ruhusa ya bia. Halafu zikaja zamu za usiku wa Jumamosi. Pale kituo cha afya anayeshona ni mimi, ndugu yangu, na… basi, mambo ya watu tuyaache. Ila tangu hapo fomu yao naijaza bila kununa. Na yale anayoyasema shemeji yako kuhusu Wainuit, wenyeji wa huku, usiyabebe: wengi hapa hawaigusi kabisa, na wanaoipigia kelele kamati ni sisi wageni tuliotoka kusini.

Hata hiyo ya halali ina vituko. Oda ya mwisho ilikwama njiani kwa dhoruba ya theluji, ikaganda. Nilipofungua katoni, makopo yamevimba chini, ukiyaweka mezani yanalala ubavu. Mawili yalikuwa yamepasuka, bia imegeuka barafu ya kahawia imeng'ang'ania karatasi. Nimeikwangua kwa kijiko. Usimwambie mtu.

Lakini turudi kwenye chupa. Ikikamatwa ni kesi, na leseni yangu ya uuguzi ndiyo ugali wa watoto. Isipokamatwa ndiyo mbaya zaidi. Kijiji hakifiki watu 1,500, siri hailali. Jioni hiyohiyo mtu atagonga mlango akitaka kuinunua kwa mara kadhaa ya bei yako, nami nitamtazama nimjibu nini, wakati baadaye usiku huenda nikampokea pale kituoni? Kwa hiyo itoe. Kunywa wewe, unisalimie.

Unga acha! Ongeza na dagaa, na zile pilipili za kusaga kama bado zipo.

Haya, niambie: mama viza amepata au wanazidi kumzungusha? Yule fundi wa Tanga ameezeka, au bado anakula hela? Mdogo wako kweli kaacha udereva? Na mwanao, ukimsemesha Kiswahili bado anakujibu Kifaransa? Machi nikipata likizo nitapitia kwako. Mngali kwenye ghorofa ile isiyo na lifti? Maana kwa mgongo huu nijue mapema, nibebe begi moja.

Wako yuleyule