Barua ya wazi kwa wanariadha walioachwa nje ya timu

Wanangu,

Orodha ya timu imetoka na nimeona nani hamumo. Nasikia wengine mmeanza kusema mnatundika daluga. Kabla hamjafika huko, nipeni nafasi mzee wenu niwasimulie habari za Vonetta Flowers.

Alizaliwa mwaka 1973 huko Birmingham, Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi na mrukaji, na tangu utotoni alichokitaka ni Olimpiki ya kiangazi. Mwaka 1996 alijaribu kufuzu, akakosa. Mwaka 2000 alikwenda kwenye mchujo Sacramento, mguu wake ukiwa umetoka kufanyiwa upasuaji, akakosa tena. Umri miaka 26, timu hana. Ndipo mlipo wengi wenu leo.

Mumewe, Johnny, naye mwanariadha, aliona tangazo kwamba wanatafutwa wakimbiaji na warukaji wa kujaribiwa kwenye bobsledi, ule mchezo wa kuteremka njia ya barafu ndani ya chombo cha vyuma vya kuteleza. Aliyetaka kujaribu ni yeye, mkewe akamsindikiza. Mume akaumia msuli majaribioni. Mke akaendelea, na makocha wakampenda.

Walimpendea nini? Someni hapa taratibu. Katika bobsledi ya watu wawili, mbele yupo dereva na nyuma yupo msukumaji. Wanaanza wamesimama, wameshika chombo, viatu vyao vina vijisindano vya chuma chini ili visiteleze. Wanakisukuma kwa kasi kama mita 50, sekunde tano au sita hivi. Dereva anaruka ndani kwanza. Msukumaji anamalizia hatua zake na kudandia chombo kikiwa tayari kinakwenda mbio. Akishakaa anainamisha kichwa, haoni njia, kona zinambana kwa mwendo unaozidi kilomita 120 kwa saa, na kazi inayombakia ni kuvuta breki wakivuka mstari wa mwisho. Muda ukipotea pale juu, kuufidia huko chini ni shida sana. Kuendesha kunataka miaka ya kujifunza. Kusukuma kunataka miguu, mgongo na mlipuko wa hatua za kwanza, na hivyo mnavyo. Mmevitolea jasho, na hakuna kamati ya uteuzi inayoweza kuwanyang'anya.

Salt Lake City, mwaka 2002, ndipo wanawake waliposhindana bobsledi kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Tarehe 19 Februari, Jill Bakken akiendesha na Flowers akisukuma, waliwapita Wajerumani kwa sekunde 0.30 kwa jumla ya mikimbio miwili. Flowers akawa mtu mweusi wa kwanza kutoka nchi yoyote kutwaa dhahabu kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Tangu akose kule Sacramento haikuwa imetimia miaka miwili.

Msidhani ilikuwa mteremko. Dereva wake wa kwanza alimwacha akachukua msukumaji mwingine. Ninyi mnaolia leo, yeye aliachwa hata kwenye mchezo wake wa pili! Akakubali kuanza upya na Bakken, ambaye wengi hawakumtarajia. Halafu michezo ikikaribia, Jean Racine, dereva wa timu ya Marekani iliyopewa nafasi kubwa zaidi, akamwomba ahamie kwake kwa sababu msukumaji wake alikuwa ameumia. Flowers alikataa, akabaki na Bakken. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko medali, na ningependa kila mmoja wenu ajiulize angejibu nini.

Mwaka huohuo wa 2002, baada ya dhahabu ile, Flowers alijifungua mapacha kabla ya wakati, na mmoja alizaliwa hasikii. Baadaye mtoto huyo alipelekwa Italia kwa upasuaji wa kumsaidia kusikia. Mama hakuacha mchezo. Mwaka 2006 alishindana Torino, dereva wake akiwa Racine yuleyule aliyemkatalia, wakamaliza nafasi ya 6, kisha akastaafu. Kukataa kwa heshima hakukuwafanya maadui.

Njia hiyo wameipita wengine. Lauryn Williams, Mmarekani mwenye medali ya fedha ya mita 100 ya Athens 2004, alipata fedha nyingine Sochi 2014 kwa kusukuma bobsledi. Mwaka 2018 wanawake watatu wa Nigeria, wote waliotoka kwenye riadha, walikuwa timu ya kwanza ya bobsledi kutoka Afrika kufika Olimpiki.

Sisemi wote mkimbilie barafu. Nasema mkae na makocha wenu wiki hii, muwaulize kasi yako na mruko wako vinahitajika wapi kwingine. Ukisikia majaribio ya mchezo usioujua, nenda. Kwa bobsledi watakupima mbio fupi, kuruka mbele ukiwa umesimama, na kurusha tufe kwa mikono miwili. Usiende umelegea kwa hasira za orodha; lala mapema, pasha mwili vizuri, na wakikupa kiti cha nyuma, kikubali.

Mzee wenu,
kocha mstaafu