Barua kwa somo yangu aliye Maskati

Wete, Pemba

Kwa somo yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, wakubwa kwa watoto, na mvua za vuli zimeanza vizuri. Habari ya Bibi wa Utaani umekwisha kuipata, maana najua Mama Mdogo alikupigia simu siku ile ile. Kwa hiyo sikuandikii kukupa tanzia. Nakuandikia kukueleza jambo lililotokea kabla ya jeneza kutoka, ambalo watu hawalisemi katika simu za pole, na ambalo tangu siku hiyo haliniachi nikalala vyema.

Bibi alifariki alfajiri. Jua lilipopanda nyumba ilikuwa imekwisha kujaa: wanaume wamekwenda kuchimba kaburi, bafta imenunuliwa, mchele unachambuliwa uani, na chumbani wameshaanza kusoma Yasin. Kila kazi ilikuwa na watu wake isipokuwa moja: hapakuwa na wa kumuosha. Yule aliyekuwa akisaidiana naye siku hizi miguu haimruhusu kusimama, Bi Mkubwa wa Limbani alikuwa Unguja kwa matibabu, na wewe uko mbali. Mimi, kama unavyojua, kazi yangu siku zote ilikuwa kukata sanda na kuifukiza udi. Walipoombwa waliobaki, mmoja alisema anaogopa, mwengine akasema hajui pa kuanzia, na mwengine akainuka akaenda zake jikoni. Mwishowe akafuatwa mwanamke Konde kwa gari, tukamngoja hata adhuhuri ikapita, na maziko yakasogezwa baada ya alasiri. Bibi aliyewaosha mama zetu na mama zao, na watoto wachanga wa mtaa mzima, alilala akimngoja mtu asiyemjua. Wazee husema muosha huoshwa. Yeye mwenyewe alikuwa akilisema neno hilo huku akikunja mikono ya kanzu yake, na sidhani kama iliwahi kumpitikia kwamba siku yake ingekuwa hivyo.

Huyo mama wa Konde, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, aliifanya kazi kwa adabu kubwa. Nilimshikia maji. Aliagiza ufuo, yaani shimo la kupokea maji ya kuoshea, uchimbwe chini ya kitanda, akalibana pazia mwenyewe, hakuuacha mwili wazi hata mara moja, akaanza na viungo vya udhu na upande wa kulia, kwa maji ya majani ya mkunazi kwanza, na mwisho kwa maji yenye karafuu maiti (kafuri) kidogo. Nilipokuwa nikimtazama nilikikumbuka kile kisa cha Ummu Atiyya ambacho Bibi hakuchoka kutuhadithia, jinsi Mtume (S.A.W.) alivyowaamuru wanawake waliomuosha binti yake Zainab waoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kisha akawapa shuka yake mwenyewe iwe ya kwanza kuugusa mwili wa mwanawe, nao wakazisuka nywele zake misuko mitatu wakailaza nyuma. Unakumbuka sauti yake ilivyokuwa ikipungua akifika kwenye ile shuka? Nywele za Bibi nazo zilisukwa mitatu.

Jambo linaloniuma, somo yangu, ni kwamba kumuosha maiti ni faradhi kifaya, yaani wakilifanya wachache wengine husalimika, na likiachwa mtaa wote una dhambi. Lakini sisi tumeyashika kwa nguvu zote yale yasiyokuwa faradhi. Siku ya kuanua matanga ilipikwa biriani, na watu walishindana kuchanga. Ubani, yaani fedha za rambirambi, ulitoka Dar es Salaam, ulitoka kwenu Maskati, ukatoka hata Uingereza, na wote tunawashukuru. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa zake chakula kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Sisi tumeligeuza, wafiwa ndio wanaotulisha. Hayo nimekwisha kuyasema mbele ya Mama Mdogo na hakuyapenda, basi nayaacha. Ila hivi, mtaa unaopata wapishi kumi kwa kuita mara moja utakosaje muosha mmoja?

Nadhani pia unakumbuka Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikiwa njiani kuja kwetu huku, na maiti wakalazwa uwanja wa Maisara watu wakiwatafuta jamaa zao. Bibi aliwalilia zaidi wale ambao bahari haikuwarudisha, tuliowasalia sala ya ghaibu tu. Alikuwa akisema kwamba aliyekufa maji ni shahidi wa Akhera, lakini akipatikana huoshwa na kukafiniwa kama wengine, na kwamba yeye angewaosha wote kama wangeletwa. Mtu wa namna hiyo hatumkumbuki kwa khitma peke yake. Ninataka wasichana wa hapa mtaani wafundishwe kazi yake kabla ya Ramadhani, na Maalim ameahidi kutupa chumba katika chuo cha Kurani siku za Alhamisi.

Hapa ndipo ninapokuhitaji. Wewe ndiye uliyekaa naye miaka mingi, na ndiye uliyekuwa ukiandika anayoyasema katika lile daftari lenye jalada la kijani: mpangilio wa nguo tano za mwanamke, shuka, kanzu, ukaya na sanda mbili, pamba itiwe wapi, mwenye jeraha afanywe nini, na zile dua zake. Zaidi ya hayo kuna lile ambalo sidhani kama liliandikwa, namna alivyokuwa akiifunga siri ya kila maiti, asiseme hata kwa dada yake alichokiona. Hilo nalo lifundishwe, na sijui mtu hulifundishaje.

Je, daftari unalo bado, au lilibaki Chake Chake kwa wifi yako? Ukiwa nalo, unaweza kumpa Mama Mdogo alibebe akirudi mwisho wa mwezi? Utaweza kuja likizo hii ukae nasi japo wiki mbili, uwaoneshe kwa mikono badala ya maneno? Na huko Maskati wenzetu wanafanyaje: kazi hii wanaifanya majumbani kama sisi, na wasichana wanaifunza kwa nani? Usiponijibu kwa barua basi nitumie sauti kwenye simu, lakini usikawie, kwa sababu Alhamisi ya kwanza nimekwisha kuitangaza.

Wasalaam,
Somo yako wa Wete