Mvinyo wa usingizi haupo, lakini tusikilize kwanza

Baridi ikianza kukolea hapa Iringa, mwezi wa sita hivi, swali dukani huwa lilelile: "Mna ule mvinyo mwekundu wa kuleta usingizi?" Mvinyo mwekundu tunao, unatoka Dodoma kupitia Mtera. Wa kuleta usingizi hatuna, wala hakuna duka lililo nao.

Habari yenyewe, kwamba zabibu za mvinyo zina melatonini ya kuleta usingizi, haikutungwa. Melatonini ni homoni inayotolewa na tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo giza likiingia, nayo huuarifu mwili kwamba ni usiku. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Milan, Italia, wakiwemo Marcello Iriti na Franco Faoro, walitangaza kuikuta kwenye maganda ya zabibu za mvinyo. Aina iliyoongoza, Nebbiolo, ilikuwa na karibu nanogramu 1 kwa kila gramu ya ganda. Cabernet Franc haikufika hata sehemu ya 100 ya hiyo. Hamira inayochachusha mvinyo nayo hutengeneza melatonini kidogo.

Sasa piga hesabu. Kidonge cha melatonini cha miligramu 1 kina nanogramu milioni 1. Chukua nusu kilo ya zabibu zenye kiwango kile cha Nebbiolo: tukikadiria ganda kuwa sehemu ya 10 ya uzito, ni gramu 50, yaani nanogramu 50 tu za melatonini. Kukifikia kidonge hicho kimoja utakula tani 10, Fuso nzima na zaidi! Vipimo vingine vimewahi kupata kiasi kikubwa kuliko hicho, maana hutegemea aina ya zabibu, shamba na namna ya kupima, lakini kwa glasi moja bado ni mbali sana na kidonge.

Basi mbona ukinywa unasinzia? Hiyo ni pombe. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa asilimia 12 ina takribani gramu 14 za pombe, na mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Ukimaliza glasi tatu saa nne usiku, pombe inaisha mwilini kati ya saa nane na saa kumi, na usingizi unakatika kuelekea hapohapo: moyo unaenda mbio, koo limekauka, kibofu kimejaa, na choo kiko uani kwenye baridi ya Julai. Anayekoroma atakoroma zaidi kwa sababu misuli ya koo imelegea. Kinachochekesha ni kwamba pombe hupunguza hata ile melatonini ambayo mwili wako ungeitoa wenyewe.

Ukitaka mvinyo uunywe kwa ladha yake: glasi moja, pamoja na chakula cha saa moja, ulale saa nne. Mwekundu usiugandishe kwenye friji. Nyuzi 15 hadi 18 zinautosha, na sebule nyingi za huku msimu wa baridi ziko hapohapo. Chupa ikishafunguliwa, rudisha kizibo na uiweke kwenye friji, siku 3 hadi 5. Ukianza kunukia siki, loweka nyama.

Kwa wanaonunua zabibu zenyewe: ule unga mweupe unaofutika kwa kidole si lazima uwe dawa ya shambani, ganda la zabibu lina nta yake. Zioshe saa ya kula. Ukiziosha ndipo uzihifadhi, unyevu unabaki kwenye vikonyo na ukungu unaanzia hapo. Usimenye, maana rangi na hiyo melatonini inayosemwa vimo kwenye ganda. Juisi uliyokamua nyumbani usiifunge kwenye chupa ukaiacha mezani: hamira ya kwenye ganda itaichachusha, gesi ijae, chupa ipasuke.

Mjamzito, anayetumia vidonge vya usingizi au dawa ya kifafa, na aliye kwenye dozi ya Flagyl, tunamshauri asichukue mvinyo kabisa, hata wa glasi moja. Aliye chini ya miaka 18 hatumuuzii. Na kama ni wiki kadhaa hupati usingizi, hilo ni la kwa daktari, sisi tutakufungia zabibu.