Nguruwe ni wangu, kifafa ni cha jirani

Mhariri,

Mwaka jana mchuuzi alikuja kwangu, hapa Mbozi, kununua nguruwe. Kabla hatujataja bei alimlaza chini, akampitishia kijiti mdomoni, akavuta ulimi na kuupapasa. Akakuta punje. Papo hapo bei ikashuka nusu. Nilikubali kwa sababu ya ada ya shule. Nyama ile ililiwa bila mkaguzi kuiona, na jambo hilo linanisumbua mpaka leo.

Punje zile ni tegu changa. Anayekula nyama isiyoiva ya nguruwe mwenye punje hizo hupata tegu tumboni, na mayai hutoka na kinyesi chake. Yeyote atakayeyameza mayai hayo kwa maji, mboga au mikono michafu anaweza kuota punje zilezile mwilini mwake, hata kwenye ubongo, akaanza kuanguka kifafa. Kwa hiyo jirani yangu Mwislamu, asiyegusa kitimoto maisha yake yote, yumo hatarini kama mimi. Mwaka 2014 FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, walipopanga vimelea 24 vya chakula kwa uzito wa madhara, tegu huyu alishika namba moja.

Ukihesabu hasara kwa nyama tu, utaona ni nusu ya bei ya nguruwe mmoja. Lakini hesabu pia binti aliyeachishwa shule kwa sababu huanguka darasani. Hesabu mama asiyethubutu kwenda shamba akimwacha mtoto karibu na moto. Hesabu wanaosimama mbali mgonjwa akiungua, wakiamini mate yake yanaambukiza.

Dawa ipo. Dozi moja ya oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, huua punje ndani ya nguruwe. Kisha husubiriwa wiki kadhaa kabla ya kumchinja. Ila mfugaji anayeinunua haongezewi hata shilingi na mchuuzi. Tunaambiwa pia tufungie nguruwe bandani wasile kinyesi cha watu chenye mayai hayo. Ni kweli, lakini nguruwe anayezurura hujilisha mwenyewe, na wa bandani anataka pumba kila siku. Gharama zote ni za mfugaji. Anayeokolewa ni mtoto wa mwingine, pamoja na zahanati ambayo ingempa dawa za kifafa miaka na miaka.

Ndiyo maana naomba dawa ya nguruwe ichangiwe kutoka bajeti ya afya, na mwenye nguruwe aliyekataliwa machinjioni apewe fidia. Mkikaza ukaguzi peke yake, tutachinjia nyuma ya nyumba usiku. Nasema hivi kwa kuwa naishi na wanaofanya hivyo.

Banda nimeshajenga, na choo changu sasa kina mlango. Nusu ya gharama ya dawa niko tayari kuitoa mfukoni mwangu. Halmashauri itoe nusu iliyobaki.

Mfugaji,
Mbozi, Songwe