Barua ya kufunga muhula: Wazee wetu wa Vita vya Kagera

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA KAZI YA LIKIZO YA KIDATO CHA TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumefunga shule salama. Ripoti ya mwanafunzi imeambatanishwa. Isomeni pamoja naye, muisaini, airudishe siku ya kufungua.

Ninalotaka kuwaomba hasa ni kuhusu kazi ya Historia. Sisi wa Missenyi, mpakani na Uganda, vita ya Kagera kati ya Tanzania na Uganda hatukuisikia redioni. Majeshi ya Idi Amin yaliingia huku mwishoni mwa Oktoba 1978, yakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe wetu kuelekea Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Kijana aliyekwenda vitani na miaka 20, awe wa jeshi letu la JWTZ au mgambo, leo amevuka 65. Tunawazika mmoja mmoja, na wengi hawajawahi kuulizwa lolote.

Muhula huu wanafunzi walimtembelea mzee jirani wa shule. Aliwapa kahawa ya kutafuna, akachora uani kwa fimbo yake: mto Kagera, Mutukula, Masaka, hadi Kampala iliyotekwa 11 Aprili 1979. Watoto walitaka habari za mizinga. Yeye alikaa zaidi kwenye matope na viatu vilivyooza miguuni. Alipofika kwa mwenzake aliyelala Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi waliokufa vitani, aliomba simu izimwe kwanza. Wakaizima, wakanyamaza mpaka alipoendelea mwenyewe. Nilifurahishwa mno na adabu ile.

Basi likizo hii kila mwanafunzi amhoji mzee mmoja. Aombe ruhusa kabla ya kurekodi. Akisimulia kwa Kihaya, asikatizwe, tutatafsiri shuleni. Asiulize "uliua wangapi?" Na bibi zetu wasisahauliwe: waliokimbia na watoto mgongoni, waliorudi wakakuta mashamba yamekuwa msitu. Ushahidi wao una uzito uleule.

Nakala moja itabaki kwa familia, nyingine maktaba ya shule. Sauti ya mzee isirushwe kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini yake.

Kama kijijini kwenu yupo mzee aliyepigana na hana mjukuu karibu, tafadhali mpeni mwalimu wa Historia jina lake kabla ya likizo kwisha. Tutawatuma wanafunzi wawili, pamoja na mwalimu, siku atakayochagua mwenyewe.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule