Mbwa hali mpaka asikie sauti ya mume wangu

Shangazi, shikamoo. Nisamehe kwa kuandika usiku huu, usingizi umekataa. Ile habari ya kiwanja iliisha salama. Hii ni nyingine, na usinicheke.

Tangu baba watoto ahamishiwe Geita, lile jibwa lake la Kijerumani limegoma kula. Namsongea dona, namtilia dagaa, siku nyingine utumbo wa buchani. Ananusa, anaing'ata sufuria ukingoni, anaiburuta mpaka getini, kisha anakaa kuitazama. Mate yanamdondoka ila hagusi. Saa mbili simu ikiita naweka spika, mwenyewe anasema, "Kula, baba." Basi! Sufuria inalambwa mpaka inagonga geti, mtaa mzima unajua simu imeshapigwa.

Mbwa akimaliza kula na simu inakatwa. "Mtandao unasumbua." Mbona kwa mbwa hausumbui? Anauliza kala, kanywa maji, kalala wapi. Mimi hajaniuliza kama nimekula.

Simwonei wivu mbwa, tuelewane. Mimi ndiye ninayemwogesha, mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa mifugo. Akanieleza kwamba mbwa wakubwa wa kifua kirefu wakibugia chakula chote kwa mkupuo, tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, akafa usiku uleule. Nimgawie mara mbili, asubuhi na jioni. Nilipomwambia mwenzangu hakubisha, akaanza kupiga na asubuhi. Kumbe asubuhi nafasi ipo! Mimi nikimtafuta saa hizo, yuko shifti.

Na lazima anikumbushe nisitie kitunguu, kinamharibia mbwa damu. Ni kweli, hata daktari alisema. Lakini mimi nina vidonda vya tumbo tangu mtoto wa pili, na alipokuja Pasaka alilalamika mchuzi wangu umepooza, akaenda mwenyewe kununua pilipili.

Mama mkwe anasema nishukuru, wenzangu waume zao hawapigi kabisa. Sawa. Nilirekodi sauti yake nikamwekea mbwa, ili niache kungoja hiyo simu. Aliinamisha kichwa, akaitazama simu, akanitazama mimi, akaenda kulala na njaa.

Jamaa mmoja alitaka kumnunua, tena kwa bei nzuri. Nikakubali. Siku alipokuja kumchukua nikamwambia mbwa anaumwa. Akiondoka, ile simu itapigwa kwa nani?

Majuzi, wakati anamwita mbwa, nyuma yake nikasikia mtu anaosha vyombo. Anasema ni televisheni. Inawezekana ni televisheni. Ila alikata haraka, mbwa hajafika hata nusu ya sufuria, na hajawahi kufanya hivyo.

Shangazi, sitaki ugomvi, na usiniambie nikae naye nizungumze naye, nizungumze naye saa ngapi? Nauli ya Geita ninayo. Niende bila kumwambia, au nimwambie kwanza? Jirani amekubali kubaki na watoto na mbwa. Watoto hawana shida. Huyu mwingine amezoea simu yangu, na nikisafiri nayo sijui atakulaje. Nijibu mapema.